Kiti Kilichonipa Mgongo

Kabla hujasema ni jua, nikujibu kabisa: nilikuwa na kofia. Njaa je? Nilikuwa nimekula chapati mbili na maharage pale Pongwe, na nina hakika ni mbili kwa sababu mama lishe alitaka kunilipisha tatu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, siku ya kazi. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyocheza.

Nina duka la samani za zamani mtaa wa Mabawa. Mteja wangu mkubwa ni daktari mstaafu, mpenzi wa filamu za kijasusi za enzi zile, ambazo jasusi havui tai hata akining'inia juu ya paa. Huisimamisha filamu kwenye runinga, akapiga picha kwa simu, akanitumia: "Nitafutie hii taa." Nimemtafutia simu nyeusi ya kuzungusha namba, taa yenye kivuli cha kijani, na tufe la dunia linalofunguka katikati ukakuta mahali pa chupa. Ukikaa sebuleni kwake unahisi muda si mrefu utahojiwa. Kilichobaki kilikuwa kiti cha mkuu wa majasusi: cha ngozi, mgongo mrefu, kinachozunguka. Unakijua. Mkuu amewapa watu mgongo, unaona moshi tu, kisha anageuka taratibu.

Nikasikia kipo kwenye nyumba ya shamba la zamani la mkonge, mbele ya Pongwe. Nikamkuta mlinzi barazani, Mzee Kihiyo, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuona kiti."

"Marahaba. Kiko ofisini. Ukikitaka, kapatane na mwenyewe."

"Mwenyewe yupo?"

"Saa hizi hakosi," akasema, wala hakuinua macho.

Nikabisha hodi ofisini. Chumba kitupu, dirisha moja lenye nondo linalotazama mkonge, na katikati kile kiti, kimenipa mgongo. Juu ya mkono wa kiti niliona mkono wa mtu: wa mzee, umevaa shati jeupe lililofungwa kifungo mpaka kwenye kifundo. Harufu ya tumbaku. Nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Hakugeuka. Nikajiambia, huyu naye kumbe anatazama filamu zile zile. Nikaanza kukitukana kiti, maana ndivyo biashara inavyoanza: ngozi imechanika, springi zimelala, magurudumu yamekula kutu. Niamini, kilikuwa kizima kama kimetoka kiwandani jana. Vifungo vya mgongoni ishirini na nne. Nilivihesabu huku nasema, nikavirudia, ishirini na nne.

"Si cha kuuza," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha karani wa zamani, kila neno limepigwa pasi. "Hapa namngoja binti yangu. Aliolewa Mkwaja, na kijana Mwislamu. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Nilisema nikiwa nimekaa hapa hapa. Sasa nikiinuka, akija atanikosa."

Mtu mwenye utu angeaga akaondoka. Mimi nilisikia mlango wa biashara umefunguka. Miaka yote nimejifunza jambo moja: anayesema hauzi, mtafutie anachokitaka zaidi ya pesa. Na huyu alikuwa ameshanitajia.

"Mzee," nikasema, nikishusha sauti kama mtu wa msibani, "sikutaka kuanza na hilo. Huyo binti yako ndiye aliyenituma."

 

"Amekutuma?"

"Amenituma kiti. Anasema miguu haimruhusu kuja, lakini kiti kikifika kwake ni kama umefika wewe. Anasema yamekwisha."

"Amesema yamekwisha?"

"Kwa kinywa chake."

Sikujua sura yake. Sikujua jina lake. Wewe ungenyamaza? Basi u mwema kuliko mimi.

Mzee akalia. Nimeona wauzaji wengi wakilia, ni njia ya kupandisha bei. Hiki hakikuwa kilio cha bei. Kilikuwa kama mtu anayetua mzigo aliousahau begani. Akasema, "Mwambie nimempa radhi yangu. Mwambie na mumewe pia. Chukua, mwanangu. Mungu akulipe."

Ule mkono ukaondoka. Ngozi ya kiti ikainuka polepole, kama mtu mzito amesimama. Kisha kiti kikazunguka chenyewe, taratibu, mpaka kikanitazama. Hakuna mtu. Mlango ulikuwa mmoja, na nilikuwa nimesimama mimi mlangoni. Nikatazama vumbi sakafuni: mstari mmoja wa nyayo, ulioishia pale niliposimama. Nikazihesabu, nikazirudia. Zote zangu.

Je, nilikimbia? Nilikimbia. Lakini nilikimbia na kiti.

"Naona amekuruhusu," akasema Mzee Kihiyo.

"Ni nani yule?"

"Karani mkuu wa shamba. Tulimzika mimi nikiwa na meno yote."

"Na hukuniambia!"

"Uliuliza kama yupo. Hukuuliza kama yu hai."

Wiki haikuisha, akaingia dukani mama mtu mzima, amevaa buibui, anaegemea mkongojo. Nikamwamkia, nikampa stuli. Akajitaja: Bi Zuhura, wa Mkwaja. Moyo wangu ulishajua kabla hajamaliza.

"Wewe ndiye uliyechukua kiti cha baba?"

Mzee Kihiyo alikuwa akimpelekea salamu miaka na miaka: mzee wako anakuulizia. Safari hii akampelekea na habari kwamba kiti nimekichukua mimi. "Kila mwaka nikisema mwakani," akaniambia. "Nilimwogopa, mwanangu. Sauti yake ya mwisho ninayoijua ni ile ya kunifukuza. Sasa nimekwenda adhuhuri tatu, nimekaa sakafuni, nimemwita. Hajibu."

Ningeweza kumdanganya na yeye. Nilikuwa na uongo wa aina nne mdomoni, tayari kabisa. Nikamwambia kweli, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nimekutuma."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Na hukuwa unanijua."

"Hapana."

"Akaondoka kwa maneno hayo. Na unasema amenipa radhi."

"Wallahi, kwa masikio haya."

Afadhali angenitukana. Alinitazama tu, kama ninavyotazama mimi meza inayouzwa kuwa ya mninga, nami najua ni ya msonobari iliyopakwa rangi. "Baba alikuamini, ukamdanganya," akasema. "Mimi nikuamini kwa lipi?"

Nikamwambia achukue kiti, bure. Neno hilo sijawahi kulitamka dukani. "Nikifanyie nini?" akasema. "Nilimfuata aliyekikalia."

Daktari nimemkatalia, mpaka leo hajanikunjulia uso. Kiti nimekirudisha mahali pake, nimekielekeza dirishani. Huwa nakwenda mchana, nikasimama pale mlangoni, nikasema, "Mzee, nilikudanganya. Rudi, binti yako amekuja kweli." Najibiwa na upepo wa mkonge. Nilitaka Mzee Kihiyo anishuhudie kwa Bi Zuhura. Akasema yeye alikuwa barazani na mpini wake, hakusikia kitu.

Mkwaja nimekwenda mara mbili. Wajukuu wananipa chai, naye anazungumza nami vizuri, mvua, samaki, bei ya mchele, yote isipokuwa lile. Mara ya pili nilipokuwa navaa viatu, akauliza bila kuinua uso kwenye ungo, "Alisema na mume wangu pia?"

"Alisema, Bi Zuhura."

"Amekufa akilingoja neno hilo," akasema. Akasubiri kidogo, kama anayetaka nilirudie kwa namna atakayoweza kuliamini. Sikuwa na namna. Akaendelea kupepeta.

Wewe unayesoma, teremsha bei ya chochote, tukana kiti cha watu, sema chapati zilikuwa mbili hata kama zilikuwa tatu. Lakini usijifanye umetumwa na mtu mbele ya anayemngoja. Huenda akakuamini.