Chuma Kilichopasuka Kabla ya Mteremko wa Kahe

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilianza kwa mume wangu kukataa chai. Mtu anayependa chai akiikataa, ujue kuna jambo.

Elieza alinioa hapa Nkoaranga, zamani za Mjerumani, nikiwa bado binti. Reli ilikuwa haijafika Arusha. Iliishia Moshi, na yeye alikuwa mfunga breki katika gari la moshi la mizigo. Leo nasikia breki zinaendeshwa na upepo na waya za umeme. Siku zile breki ilikuwa mikono ya watu. Juu ya behewa alikaa mtu mwenye usukani wa chuma, na injini ikipiga honi alizungusha kwa nguvu zake zote mpaka chuma kikabane gurudumu.

Tulikuwa tumeshuka Moshi kwa miguu ili nikaishi naye kambini Kahe. Asubuhi ile, kituoni Moshi, mabehewa yakipakiwa ngozi na kahawa, nilimuuliza kwa Kimeru, "Unaumwa?"

Akatazama huku na huku. "Chuma cha kubania gurudumu kwenye behewa langu kimepasuka. Nimekiona jana."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kwa yule Mzungu msimamizi, anayepeleka habari ya kitu kilichovunjika ndiye aliyekivunja. Mwenzangu alipigwa viboko wiki iliyopita. Nyamaza, mke wangu. Tukifika Kahe nitatafuta namna."

Nikaanza kufunga mzigo wetu. Lakini macho yalirudi kwenye lile behewa. Kutoka Moshi kwenda Kahe ni mteremko, na nyuma ya injini kulikuwa na mizigo mizito na watu waliopewa nafasi juu ya magunia, akiwemo mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Nilimtazama yule mama, nikamtazama mume wangu. Nikisema, atapigwa kwa sababu yangu. Nisiposema, je?

Mkubwa wa wafunga breki alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kanzu iliyoingia masizi. Nilimwendea. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza.

"Shikamoo, baba. Gari ya mume wangu, chuma yake imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Gari lipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akainama chini ya behewa, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alimwita Elieza kando. Elieza aliniangalia mara moja tu. Jicho lile sijalisahau.

"Ulijua?" Mzee Sefu aliuliza.

"Nilijua, Mzee. Niliogopa viboko."

"Hata mimi naviogopa, nimevionja. Lakini viboko huuma, kisha ngozi huota. Ngozi ya mtu aliyelaliwa na behewa haioti. Ungekaa kimya na roho yako peke yako, ningekusamehe. Hizi roho za wenzako ulizikopa kwa nani?"

Akaenda kwa msimamizi. Tuliona mikono ya Mzungu ikirushwa huku na huku. Jibu likarudi: behewa halitolewi, meli inasubiri mizigo Tanga. Basi Mzee Sefu akafanya lililobaki. Alimhamishia Elieza kwenye behewa la pili, lenye breki nzima, akamwomba dereva apige honi mapema, kabla ya mteremko. Kisha akapita kwa kila mfunga breki: "Leo tunakaza tungali tambarare. Asiyekaza namtoa kazini mwenyewe."

Nilikaa karibu na miguu ya Elieza. Honi ilipolia, alizungusha usukani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kukawa na harufu ya chuma cha moto. Tulipoanza kushuka nilisikia mlio mkali: kile chuma kilichopasuka kilikatika, kikaanguka juu ya mawe. Gari likavuta mbele. Yule mama alimfunika mtoto kwa kifua chake. Mimi nilishika kamba ya mzigo nikasali sala niliyofundishwa, nikaikosea, nikaianza tena. Kidogo kidogo mwendo ukalegea. Breki zilizokazwa mapema zilishika.

Kahe tulifika wazima wote. Msimamizi, aliyesafiri na gari hilo hilo, akampiga Elieza hivyo hivyo, kwa kuwa hakuripoti. Nikampaka mafuta ya ng'ombe mgongoni, nikingoja aniambie nirudi kwetu.

"Umenipigisha," alisema. Akanigeukia. Kisha akasema, "Ungenyamaza, mafuta haya ungempaka nani?"

Tuliishi pamoja mpaka nilipomzika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ukiona ufa mahali ambapo watu wengine wameegemea, useme ukiwa bado tambarare. Mteremkoni hakuna wa kukusikia. Usidhani utasifiwa. Huenda ukapigwa, huenda unayempenda akapigwa, nami sitakudanganya kwamba haitauma. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na ukishakuwa mkubwa wa wengine, usimpige aletaye habari mbaya, maana utawafundisha watu kukuficha kifo chako.

Mungu akupe ulimi mwepesi penye hatari na mzito penye umbea. Akupe mwenzi atakayekukasirikia leo na kukushukuru kesho. Uendako ufike, na uliosafiri nao wafike.