Ukurasa Niliopeleka Lupiro

Nimeishia darasa la saba na naandika polepole. Babu yangu alikuwa askari, akatekwa vitani, na aliporudi akawa mwandishi wa gazeti. Sasa mikono inamtetemeka, hivyo kumbukumbu zake za kifungoni ananisimulia, naziandika mimi, nyumbani kwetu Ifakara.

Ana sheria moja aliyotoka nayo gazetini: anayeandikwa asomewe kwanza. Akikataa, habari haichapishwi. Ndiyo maana Ijumaa moja alinipa ukurasa mmoja niupeleke Lupiro, kwa mjane wa rafiki yake aliyefia kifungoni.

"Kwa nini usiende mwenyewe, babu?"

"Wewe una sauti ndogo," akasema. "Haitamuumiza sana."

Juu ya bodaboda nilishikilia ile karatasi ndani ya shati, nikiomba nimkute yule bibi ameenda shamba. Nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Mbona umeshikilia shati, umeleta msiba?"

Nikaitoa karatasi. Nikasoma, kidole chini ya mstari. Rafiki alikufa alfajiri. Babu akamfunika blanketi, akawaambia walinzi kuwa mwenzake anaumwa. Siku mbili akala uji wa watu wawili. Siku ya tatu ndipo akasema ukweli.

Ungo ulikuwa umetulia.

"Rudia."

Nikarudia, nikingoja kufukuzwa.

"Uji si kitu," akasema. "Mume wangu angempa mwenyewe. Tatizo ni hizo siku mbili. Barua ya jeshi ilitaja siku maiti ilipotolewa kifungoni, na siku hiyo ndiyo ninayomwombea misa kila mwaka. Ya mwaka huu ni kesho. Kumbe siku yenyewe ilikuwa jana, na mimi nipo shambani napalilia, nacheka na wenzangu."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama babu achapishe.

"Aje kesho. Misa ikiisha aisome mwenyewe mbele ya wanangu. Asipokuja, ichaneni."

Nilirudi nikamweleza babu.

"Kanisani watu ni wengi," akasema.

"Ndiyo, babu."

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye uji alinyamaza. Akaanza upya, akanyamaza palepale. Mara ya tatu aliuvuka ule mstari, lakini sauti ilikuwa ndogo kuliko yangu.

"Misa saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Mwambie bodaboda anipitie saa kumi na moja," akasema, akaanza tena kuusoma ukurasa.