Siku Kogo Aliposhuka Mlima kwa Kipande cha Tangi

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, na naandika polepole sana. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni vile mnajua nilitaka kusema. Kuongea mbele ya watu ndiko kunanishinda zaidi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wenzangu mliokulia huku kwenye chai, mnazikumbuka likizo zetu za Agosti? Mimi si mzee, kanisani bado nakaa kwenye viti vya vijana. Lakini nikiwaona watoto wa siku hizi wamejikunja kwenye kochi na simu, soksi miguuni, wakiogopa umande, najiona nyanya wa watu. Enzi zetu baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni na hatukukaa ndani. Tulipelekwa kwa Kogo, nyanya yetu mzaa mama, upande wa Kaplong. Asubuhi tulikula viazi vitamu vilivyopashwa kwenye jivu, na chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Kisha tulichuna majani chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Tukimaliza, Kogo alituachilia, na sisi tulikimbilia kuteleza.

Kati ya chai ya Kogo na ya jirani aliyekaa ng'ambo ya mto palikuwa na ukanda wa nyasi, njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Ulianzia juu kabisa kwenye miti ya blugamu, ukashuka shamba lote, ukapinda karibu na nyumba ya Kogo, halafu ukaangukia mtoni. Kuna walioteleza kwa shina la mgomba, kuna walioteleza kwa mtungi uliopasuliwa. Binamu yangu Kiprono alikuwa na kipande cha tangi la maji, cheusi, kimejikunja kama ganda la maharagwe, na kamba imefungwa nyuma. Watu watatu walitosha ndani. Yeye alisema hiyo ni gari ya Kericho, haisimami Litein.

Mimi sikuwahi kuanzia juu. Nilianzia katikati, visigino vyote viwili nje, nikilima nyasi. Kiprono alikuwa akiwaambia wengine kwamba ukishuka na mimi utafika ukiwa na mvi.

Sasa kuna siku moja, likizo ikiisha, mvua ya mawe ilitupata. Mama na shangazi walikuwa wameenda Longisa kumwona mgonjwa. Mimi na Kiprono tulikuwa nyumbani, Kogo alikuwa juu akichuna. Mawe yalipiga mabati hata hatukusikiana. Yalipoacha, tulitoka nje tukakuta mlima mzima ni mweupe, kutoka kwenye blugamu mpaka mtoni, na hewa yote inanuka majani chai yaliyochanika. Harufu hiyo ilikuwa tamu kwetu. Kwa wakubwa ilimaanisha wiki nyingi bila kuchuna.

Kiprono alikuwa ameshabeba tangi lake. Tulipanda tukianguka na kucheka, na huko juu tukamkuta Kogo amekaa chini, kikapu kimepinduka. Alikuwa ameteleza. Goti lilikuwa limevimba na hakuweza kusimama. Leso yake ilikuwa imelowa, na meno yake yaligongana. Mawingu mengine meusi yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Kericho, na mto ulikuwa umejaa, hakuna jirani angevuka.

Hapo ndipo Baba alipotokea. Alikuwa amekuja kutuchukua turudi shule, akatuona mlimani, akapanda na mabuti yake ya mpira. Nilifurahi, nikajua Kogo amepona. Lakini Baba alisimama mbali, ndani ya chai, akatazama pembeni.

Ninyi mnajua kwa nini. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si ugomvi, ni heshima, na Baba aliishika kuliko watu wengi. Alivua kabuti lake akaliweka juu ya chai, akaniita nilipeleke. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie Kogo, kama hakuna njia nyingine nitambeba. Lakini aseme yeye."

Nilipeleka maneno hayo. Kogo alijifunika kabuti, akaangalia mawingu yale. Akasema, "Mwambie baba yako asante. Tangu amwoe mama yako hajanikosea hata siku moja. Asianze leo kwa sababu ya goti." Kisha akaliangalia tangi la Kiprono na kuuliza kama linaweza kubeba mtu mzima.

Kiprono alisema linaweza kubeba hata chifu. Akaruka kukaa mbele. Kogo akamtoa.

"Wewe kaa nyuma, ushike kamba. Mbele nataka huyu anayeogopa. Huyo ndiye atakanyaga breki."

Nilijua tukikosa ile kona tunaingia mtoni na Kogo. Nilimtazama Baba, lakini alikuwa ameshaanza kukimbia kuteremka, akianguka, akiamka, bila kugeuka. Tukamvuta Kogo ndani ya tangi. Akanikumbatia kwa nyuma kwa mikono yake ya baridi, akaanza kuomba kwa Kipsigis, na tukaondoka.

Sitawadanganya kwamba nilifurahia. Barafu iliruka mpaka machoni. Chai ilipita pande zote mbili kama ukuta wa kijani. Nilikaza visigino mpaka nikahisi vimechanika, na tangi likapunguza, likaenda tena, likapunguza. Nyuma yangu Kogo aliacha kuomba. Nikasikia sauti ambayo sikuielewa mara moja, kumbe anacheka. Nyanya wa watu, mama wa kanisa, anacheka kama msichana.

Kwenye kona tukaona lundo la majani ya ng'ombe. Baba alikuwa amebeba napia yote kutoka zizini, akaimwaga hapo njiani, akasimama upande wa mto ametupa mgongo. Tukazama ndani ya napia na tangi likasimama.

Baba akaniambia bila kugeuka, "Muulize Kogo kama ameumia."

Kogo alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, nyasi zimejaa kichwani. "Mwambie sijaumia. Mwambie napia ilikuwa nyingi, ng'ombe watalala njaa."

"Mwambie nitakata nyingine."

Nami nilisema yote hayo, mara mbili mbili, kana kwamba hawakusikiana. Mvua ya pili ilipoanza mimi na Kiprono tulikuwa tumemkokota Kogo mpaka karibu na moto. Baba alikunywa chai yake nje, chini ya mabati, na kila kikombe kilipoisha Kogo alijua bila kuchungulia, akanituma na kingine.

Siku hizi dada yangu ameolewa. Mume wake akija anamkumbatia Mama, wanapiga selfi, anamtumia vikatuni vya kucheka kwa simu. Sisemi ni vibaya, Mama anapendwa na anafurahi. Na vijana wakisikia hadithi ya Baba wanauliza kwa nini asingembeba tu, mambo yaishe. Kogo ameshalala kaburini, na yeye na Baba hawakuwahi kugusana hata kidole. Lakini nilikuwa katikati yao siku ile, na sijawahi tena kuona mtu akikimbia hivyo kwenye barafu kwa ajili ya mtu ambaye haruhusiwi kumtazama.

Kama nanyi mliteleza huko Longisa, au Kericho, au popote mlima ulipogeuka mweupe, niandikieni, hata kama ni mistari miwili. Mniambie mlitumia nini, na nani aliwangoja kule chini.