Kadi ya Ulezi

Silvana wa Malangali alianza kutengeneza kadi mwaka ule mashine ya fotokopi ya dukani kwake ilipokufa. Alikuwa amebakiwa na mabunda ya karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, ambayo mafundi wa ujenzi walikuwa wameacha kuinunua. Akachonga mihuri kwa soli za ndala: maua, njiwa, masuke. Aligonga muhuri kwa wino, akaigeuza karatasi, akailaza juu ya kipande cha mpira, kisha akafuata mistari kwa kalamu iliyoisha wino. Upande wa mbele mchoro ulivimba, mweupe kama maziwa. Watu wa harusi na komunyo ya kwanza wakaanza kumfuata.

Msimu wa kuvuna ulezi alikuja Leonsi, dereva wa Fuso.

"Nataka kadi ya mama. Anatimiza miaka themanini. Ila haoni."

"Sasa kadi ya nini, kaka?"

"Wadogo zangu wote wanampelekea vitenge. Mimi nimeona hizi zako zimevimba. Si atashika?"

Silvana akakubali. Akachagua suke la ulezi, maana mama huyo ameulima maisha yake yote. Mbili za kwanza zilipasuka kwa kukandamizwa mno. Iliyofuata ilitoka vizuri. Hakuwa na kawaida ya kusindikiza kadi zake, lakini hii alitaka kuiona ikifika, hivyo Jumapili akapanda gari la Leonsi hadi Kasense.

Mama Rozina alikuwa ameketi uani, wajukuu wamemzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Leonsi akamwekea kadi mkononi. Mama akapitisha vidole juu, akapitisha chini, akaigeuza.

"Karatasi," akasema. "Imeandikwaje? Nisomee."

Leonsi akainamisha kichwa. Silvana akavitazama vile vidole. Jembe lilikuwa limevifanya vigumu kama ganda la mti. Visingesikia mchoro hata angeukandamiza vipi. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Mama, samahani," akasema. "Ipitishe kwenye mdomo. Taratibu."

Watoto wakacheka. Mama Rozina akaipitisha kwenye mdomo wa juu, akatulia, akarudia.

"Mkono wa mtoto huu. Umekunja vidole."

Akaanza upya, safari hii kutoka chini.

"Hapana. Una bua." Akapanda nalo hadi juu. "Ulezi!"

"Ulezi, mama," Leonsi akasema, akageuka kupenga kamasi.

Kila mjukuu akataka kujaribu, naye mama akawaamuru wafumbe macho kwanza. Jua lilipoinama, kadi ilikuwa imelowa mate na pembe moja imechanika. Silvana aliitazama ikipita mdomo hadi mdomo, wala hakuizuia.

Njiani kurudi, Leonsi alimuuliza kama anaweza kutengeneza nyingine, ya ng'ombe.

"Pembe zitanisumbua," Silvana akasema. "Njoo Alhamisi."