Kifungo Ndani ya Mshumaa

Harufu ya nta inayoyeyuka hunitia wasiwasi mpaka leo. Wengine husema inawatuliza. Mimi nikiinusa nakumbuka chumba chetu cha Makongeni, jiko la makaa karibu na mlango, sufuria ya maji yanayochemka taratibu, na ndani yake kopo lenye mabaki ya mishumaa ambayo Mama alipewa baada ya sikukuu ya Diwali na familia ya Kihindi aliyoifanyia kazi dukani mjini Thika. Alikaa kwenye stuli akikoroga kwa kijiti bila kusema neno. Kimya hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa kufoka. Alifoka kikombe kikivunjika, alifoka soksi ikipotea, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Ule ukali nilikuwa nimeuzoea. Utulivu sikuuamini, na nilikuwa na sababu: Baba, kabla hajatuacha, alikuwa mtulivu wiki nzima. Alirekebisha mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu, akang'arisha viatu vyangu vya shule, halafu akatoka na begi na hakurudi. Kwa hiyo Mama alipotulia, niliamua kwamba naye anafunga safari.

Nikaanza upelelezi. Stima ilikuwepo, sasa mishumaa ya nini? Mama Ciku, jirani yetu, alishuku kwamba Mama ameanza kuabudu shetani, akaacha kuja kwetu kuomba chumvi. Mimi nilikuwa na shaka yangu mwenyewe: kuna mtu anapelekewa ile mishumaa, na mtu huyo ndiye atakayeondoka naye. Kila jioni alipaka kikombe cha bati mafuta ya kupikia, akasimamisha utambi kwa njiti ya kiberiti, akamimina nta polepole, akangoja katikati pabonyee, akajazia. Mshumaa ukishatoka aliuviringisha mikononi, akautazama, akauweka juu ya kabati. Kesho yake nikirudi kutoka shule, haupo. Hatukuwahi kuwasha hata mmoja. Nilikagua nguo zake kuona kama zinapungua. Nilikagua begi lililokuwa chini ya kitanda. Chakula kilinishinda, na Mama akadhani nina minyoo.

Jioni moja alipotoka kuchota maji, nikang'oa kifungo cha bluu kwenye sweta yangu ya shule, nikakitumbukiza katika nta ya kikombeni iliyokuwa bado laini, juu juu ili kionekane. Nilijiambia kwamba nikiona mshumaa huo kwa mtu yeyote pale mtaani, nimemjua mwizi wangu. Kesho yake mshumaa ukatoweka kama kawaida. Jioni, nikiwa nafanya hesabu za shule, nilimwona Mama akiinama, akaopoa kitu kutoka kwenye kopo kwa kijiti, akakipuliza, akaniwekea mbele yangu. Kilikuwa kifungo changu. Ile mishumaa haikuwa ikienda kokote. Alikuwa akiyeyusha nta ile ile kila siku na kuimimina upya. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza anaenda wapi na lini.

"Siendi mahali," alisema. "Hii mikono ikikaa bure inatafuta mtu wa kupiga, na kwa hii nyumba ni wewe tu uko. Nikishika hii kitu, inatulia."

Kisha akachukua sindano akashona kifungo. Nilifurahi kwamba haondoki. Lakini pia nilimwogopa kuliko alipokuwa akifoka, na sikujua nifanye nini na hofu hiyo.

Majuzi mwenzangu wa kazini, ambaye amechoka kusikia nikiwafokea watu, alinipeleka Ruiru kwenye darasa la kutengeneza mishumaa. Tulikuwa watu wazima pekee, tunaambiwa tuvute pumzi na tusahau simu. Nilishuku kila kitu: manukato ya waridi, muziki wa maji, tabasamu la mwalimu. Lakini nilipomimina, mikono yangu ilitulia, na hilo likanikera kuliko yote. Jumapili nilimpelekea Mama ule mshumaa kule Makongeni, nikamwambia ni zawadi. Hakuunusa. Aliuviringisha mikononi kama zamani, akanitazama, kisha akamtazama binti yangu, aliyekaa mlangoni kimya mno kwa mtoto wa umri wake.

"Shiru, hii ni wewe umetengeneza?"

Nikakubali.

"Basi mtoto abaki na mimi hii likizo."

Nikafungua mdomo nibishe. Binti yangu alikuwa tayari anavua viatu.