Siku Halima Alipotuhudumia kama Abiria

Ndimu ikikatwa juu ya maji ya moto, harufu yake hunirudisha mtaani kwetu Bulla Pesa, kwenye ua wa bibi yetu, ambaye sote tulimwita Akko, kama Waborana wanavyoita bibi. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Miaka ya sabini ilikuwa inaisha, na dada yangu mkubwa, Halima, alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, ambako alikuwa mhudumu wa ndege.

Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amepanda ndege. Tulizijua kwa kuziona zikipita juu. Kwa hiyo majirani walipokuja kumsalimia, Halima alisema atawahudumia vile anavyowahudumia abiria wake. Alikata shuka jeupe vipande, akavichovya kwenye maji ya moto yenye ndimu, akavikamua, akavikunja vizuri, akampa kila mgeni chake kwa koleo ya jikoni.

Mama Guyo, wa mlango wa pili, alikigeuza geuza chake. "Halima, hii ni ya kula ama ni ya kujipanguza?"

"Ya kujipanguza, mama. Chakula kinakuja. Na ufunge mkanda, tumeshapaa."

"Mkanda nitafungia wapi na tumbo hili?"

Walicheka. Mimi nilikuwa natazama magoti ya Halima. Hakumpa mtu kitu akiwa amesimama. Alichuchumaa mbele ya kila mmoja mpaka macho yao yakawa sawa, akauliza sukari kiasi gani, akangoja jibu kana kwamba uani hapakuwa na mwingine. Wanawake wale, ambao kutwa nzima huwahudumia wengine, walipokea kwa mikono miwili.

Akko alifurahi, na hapo ndipo wivu uliponishika. Kila alasiri mimi ndiye niliyemmiminia chai yake ya maziwa ya ngamia. Alisema mkono wangu una baraka, hakutaka wa mwingine. Siku hiyo alipokea kikombe cha Halima, akaonja, akasema, "Mkono huu ndio mkono."

Asubuhi, tukikata shuka lile, nilikuwa nimemwuliza Halima kama ndegeni kuna pombe, ambayo kwa Akko ilikuwa haramu hata kuigusa. Alisema ipo, na abiria akiomba humpa. "Lakini Akko nitamwambia mwenyewe," alisema. "Wewe niachie."

Sikumwachia. Niliuliza mbele ya wote, "Dada, na pombe pia ni wewe huwamiminia?"

Halima alinitazama, kisha akamgeukia bibi. "Ndiyo, Akko. Wakiomba, nawamiminia."

Akko aliweka kikombe chini, hakijafika nusu. Hakugomba. Aliniambia mimi, "Niletee kingine, wewe."

Nilimletea. Nasema ukweli: nilifurahi. Halima alimaliza mzunguko wake, akachuchumaa mbele ya wageni waliobaki akitabasamu vilevile, nami nikadhani hakuumia. Kesho yake alirudi Nairobi, likizo ikiwa bado mbichi. Akko aliishi miaka sita zaidi, na hakunywa tena kitu kilichotoka mkononi mwa Halima.

Mwaka huu tumemzika Halima. Wodini nilikaa naye siku nyingi nikitaka kuitaja siku ile, na kila nilipofungua mdomo aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula, nimeshiba.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa jambo moja. Uani pale hakuna aliyejua mambo ya ndege. Halima angesema hapana, Akko angemwamini yeye, na mimi ningechapwa kwa kumsingizia dada yangu mbele ya wageni. Yeye alilijua hilo palepale. Ndiyo maana alinitazama kwanza, kabla ya kujibu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nilipewa miaka arobaini ya kumwuliza, na ya kumwomba radhi, nikaimaliza kwa kumwambia nimeshiba.