Atomi za Kabazi na Maziwa Yangu

Kazi haikuwa ngumu. Ilikuwa ya kuudhi tu. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao tupu, kimepigiliwa misumari ya shaba, huko juu Kabazi mbali na mabati ya watu. Ndani kulikuwa na kichupa cha mvuke na mwanga wa leza ukikipenya. Daktari wa fizikia aliyeniajiri alinieleza kwamba atomi za ule mvuke huzunguka kama pia ya watoto, na kwamba huhisi nguvu ya sumaku iliyo ndogo hata hujui kama ipo. Siku moja zingemsaidia kunasa kitu kinachopita katikati ya dunia bila kuonekana. Lakini kwanza kipimo chenyewe kipimwe. Mimi nilikuwa wa kuzungusha meza ya mbao iliyobeba kichupa hatua moja, nitoke, ningoje, nirudi, mpaka duara litimie; hiyo ndiyo raundi. Chuma ni marufuku. Kwa hivyo nilikuja bila pini za nywele, bila zipu, bila sidiria kwa sababu ya vikulabu vyake.

Na nilikuwa na mtoto wa miezi minne anayekataa chupa. Tulikubaliana na daktari: raundi ikiisha, nashuka langoni kumnyonyesha. Sawa, basi raundi iishe. Lori la kabeji likapita barabarani, tukaanza upya. Jirani akawasha trekta, upya. Kisha daktari mwenyewe akaingia na funguo mfukoni. Upya tena, na pole hakusema.

Wakati huo mamamkwe wangu alikuwa amefika langoni na mtoto, na kilio nilikisikia kutoka juu. Blauzi ikalowa mbele yote. Yule mama hana breki mdomoni. Aliuliza kwa sauti, makusudi daktari asikie, ni watu gani hawa wanaotafuta kisichoonekana na mtoto anaonekana hapa akilia njaa.

Nikaacha meza katikati ya hatua, nikateremka. Daktari akanifuata.

"Mama, unaniharibia asubuhi nzima," akaniambia.

"Atomi zako zinaweza kungoja, daktari," nikamwambia. "Huyu hawezi."

Nikaketi nyasini, nikampa mtoto ziwa. Alinyonya kwa hasira kama mwenye kudai haki. Daktari alisimama akitazama upande wa Subukia, kwa adabu au kwa kununa, sijui. Mwishowe akauliza itachukua muda gani.

"Mpaka ashibe."

Akasema basi itabidi tuanze tena mwanzo. Nilimgeuzia mtoto ziwa la pili.